Pua inayoziba upande mmoja: saratani adimu za pua zinavyogunduliwa na kutibiwa

Ndugu msikilizaji, siku moja tukiwa hewani tunazungumzia mafua, fundi seremala mmoja wa huku kwetu Ubena alitupigia simu. Alisema tundu lake la kushoto limeziba tangu kabla ya Ramadhani, linatoa kamasi zenye damu, na amekwishamaliza chupa tatu za dawa ya matone. Tundu la kulia linapumua vizuri kabisa. Akatuuliza, "Mafua gani haya ya upande mmoja?"

Swali lake lilikuwa zuri kuliko jibu tulilompa. Tulimwambia aende kituo cha afya, tukaweka wimbo. Baada ya kipindi tuliona kwamba hatukumtendea haki, maana hatukumweleza aende akaseme nini, wala kwa nini asingoje. Makala hii ni jibu ambalo tungepaswa kumpa siku ile. Isome taratibu kwenye simu yako, na kama una jirani asiyesoma, msomee.

Kwanza tuondoe hofu

Pua iliyoziba, hata inayotoa damu, kwa kawaida si saratani. Kuna mafua, kuna mzio wa vumbi na moshi, kuna usaha kwenye vyumba vya hewa vya uso, na kuna nyama za puani, ambazo ni vijinyama laini vyenye rangi hafifu kama shokishoki lililomenywa. Kwa mtoto mdogo, kamasi zinazonuka za upande mmoja mara nyingi maana yake ni kwamba amejiingizia kitu: punje ya mahindi, ushanga, kipande cha sponji. Usikichokonoe nyumbani. Mpeleke kwa mganga wa zahanati.

Saratani za tundu la pua ni adimu. Katika nchi nyingi hazizidi mgonjwa mpya mmoja kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Marekani, taifa lenye watu zaidi ya milioni 300, hupata wagonjwa wapya wapatao 2,000 tu kwa mwaka, wakihesabiwa pamoja na wale wa saratani ya vyumba vya hewa vya uso. Wanaume hupata zaidi kuliko wanawake, na wengi wao wamepita umri wa miaka 55.

Lakini uadimu wake ndio unaoleta hatari. Mganga wa zahanati anaweza kufanya kazi miaka ishirini bila kuona mgonjwa hata mmoja wa namna hii. Mgonjwa naye hawezi kuota kwamba pua inaweza kuwa na saratani. Basi anatibiwa mafua mara ya kwanza, ya pili, ya tano, na miezi inakwenda.

Wajue majirani wa pua

Ili uelewe dalili, ifikirie pua kama chumba katika nyumba ya kupanga. Chumba hiki kina ukuta wa kati unaogawa matundu mawili. Sakafu yake ndiyo kaakaa, yaani dari la mdomo wako. Kando yake, nyuma ya ukuta mwembamba wa mfupa, lipo jicho. Kwenye mashavu na paji la uso vipo vyumba vya hewa ambavyo madaktari huviita sinasi. Juu kabisa, darini, upo mfupa mwembamba wenye vitobo vidogo vinavyopitisha mishipa ya kunusa, na juu ya mfupa huo upo ubongo.

Uvimbe ukiota ndani ya chumba hiki, mwanzoni huziba tundu tu. Ukikua, huanza kuwasukuma majirani. Ndiyo maana ugonjwa ulioanzia puani unaweza kujionyesha kwenye jino, kwenye jicho au kwenye shavu.

Dalili za kuchukua hatua ni hizi:

- Tundu moja kuziba kwa zaidi ya wiki tatu, bila kufunguka hata kwa dawa.
- Kamasi zenye damu, au damu ya pua inayojirudia, ya upande huohuo.
- Kupoteza uwezo wa kunusa bila kuwa na mafua.
- Ganzi au maumivu ya shavu, au uvimbe usoni.
- Meno ya juu kulegea bila sababu, au meno bandia ya juu kuacha kukaa sawasawa.
- Jicho moja kutoa machozi kila wakati, kutokeza nje, au kuona vitu viwili viwili.
- Uvimbe shingoni usioisha.

Ukiwa na mojawapo, haina maana una saratani. Maana yake ni kwamba pua yako inahitaji kuangaliwa ndani na mtu mwenye vifaa. Neno la kulishika ni hili: upande mmoja. Mafua na mzio kwa kawaida hukamata matundu yote mawili. Mtu mzima mwenye tatizo la upande mmoja lisiloisha asitibiwe kwa kubahatisha.

Vumbi la mbao lina kesi ya kujibu

Yule fundi wetu alituuliza pia kama kazi yake inahusika. Jibu lina historia. Katika miaka ya 1960, katika mji wa High Wycombe nchini Uingereza, mji uliojulikana kwa kutengeneza viti, daktari wa masikio, pua na koo aitwaye Esmé Hadfield aligundua kwamba anapokea wagonjwa wengi mno wa saratani ya pua, ambayo ilipaswa kuwa nadra. Wengi wao walikuwa wafanyakazi wa viwanda vya samani. Yeye na wenzake walichapisha matokeo yao mwaka 1968 katika jarida la madaktari wa Uingereza. Baadaye watengenezaji wa viatu vya ngozi nao walionekana kuwa na tatizo hilohilo. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Utafiti mwingi ulihusu mbao ngumu za Ulaya, mwaloni na miti ya ukoo wake. Huku kwetu tunapasua mninga, mvule na mkongo, nazo ni mbao ngumu. Hatusemi kwamba kila seremala ataugua. Wengi hawataugua. Ugonjwa ukija, huchukua miaka mingi tangu mtu aanze kuvuta vumbi, mara nyingi miongo kadhaa. Kwa sababu hiyo kijana anayejifunza ufundi leo pale barabarani Chalinze au kwenye karakana za milango ya nakshi Bagamoyo ndiye wa kulindwa sasa.

Kinga si ya gharama. Fanya kazi ya kupiga randa na msasa mahali pa wazi, upepo ukipiga kutoka mgongoni kwako. Vaa barakoa inayobana pua na mdomo, si leso iliyolegea. Usifagie vumbi likiwa kavu, nyunyiza maji kwanza. Usilipulize kwa mdomo. Vua nguo za kazi kabla ya kuingia ndani na watoto. Na sigara iache, maana moshi wa tumbaku nao huongeza hatari.

Kuna virusi pia. Mwaka 1964, huko London, Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong waliona kwa hadubini ya elektroni virusi vipya ndani ya seli za uvimbe wa mtoto kutoka Uganda. Sampuli zilitumwa na Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Kampala. Virusi hivyo, viitwavyo Epstein-Barr, karibu kila mtu mzima anavyo, na kwa walio wengi havileti madhara makubwa. Lakini vinahusishwa na aina moja ya saratani ya mitoki inayoanzia puani, na pia na saratani ya sehemu ya nyuma kabisa ya pua, pale inapokutana na koo. Hiyo ya nyuma ni ndugu wa ugonjwa tunaouzungumzia leo, ila si huohuo, na matibabu yake ni tofauti.

Mambo yanayotuchelewesha

Tuseme ukweli wa nyumbani. Mtu akizibwa pua, kwanza anapiga nyungu. Mvuke unalainisha kamasi na unaleta nafuu, lakini hauondoi uvimbe. Ukipata nafuu ya saa moja kisha tundu likaziba tena palepale, nyungu imekwisha kukupa jibu lake.

Wengine hukatwa kimeo. Kimeo ni kijinyama cha kooni ambacho kila binadamu amezaliwa nacho. Hakizibi pua wala hakileti damu puani. Kukikata kwa wembe kunaweza kuleta damu nyingi na maambukizi, na ugonjwa wa puani unabaki ulivyo.

Wengine hutiwa puani dawa za unga, ugoro au majani yaliyotwangwa. Na hapa nasi tunyoshewe kidole. Katika kazi ya redio tumewahi kusoma matangazo ya dawa za "kusafisha pua na kichwa" zinazodai kutibu kila kitu. Dawa inayodai kutibu kila kitu haijapimwa kwa chochote. Tunaomba radhi kwa aliyepoteza wiki zake kwa sababu ya sauti zetu.

Yapo pia maneno kwamba "saratani ikiguswa na kisu inasambaa." Maneno haya yamewafanya watu wakimbie hospitali siku ya kuchukuliwa kinyama. Tutayaeleza sasa hivi.

Safari ya vipimo

Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe. Usiseme tu "nina mafua." Sema: tundu la upande fulani, limeziba tangu mwezi fulani, damu inatoka au haitoki, nimetumia dawa hizi na hizi, kazi yangu ni hii. Maneno hayo matano yanaweza kukuokolea miezi. Omba rufaa. Kwa sisi wa Ubena, hatua inayofuata huwa ni hospitali ya Msoga, ukitoka Chalinze kuelekea Segera. Juu yake ipo hospitali ya rufaa ya mkoa wa Pwani ya Tumbi, Kibaha, na juu zaidi Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, yenye madaktari bingwa wa masikio, pua na koo.

Kipimo cha kwanza ni macho. Daktari bingwa anapulizia dawa ya ganzi puani, kisha anaingiza mrija mwembamba wenye taa na kamera. Unakuwa umekaa, huna haja ya kulala usingizi. Inakera kidogo, lakini ni dakika chache. Atakupapasa shingo, atatazama mdomo, meno na macho.

Akiona uvimbe, anaagiza picha ya siti skani, inayoonyesha mifupa: umekula ukuta wa jicho? Umetoboa dari? Wakati mwingine huongezwa picha ya emarai, inayotofautisha uvimbe na kamasi zilizokwama nyuma yake, na kuonyesha kama umegusa ubongo.

Kisha kinachukuliwa kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe, kupelekwa maabara. Mara nyingi picha hutangulia kinyama, na kuna sababu. Kwa vijana wa kiume upo uvimbe wa mishipa ya damu ambao si saratani lakini ukikatwa ovyo humwaga damu nyingi. Picha humwonya daktari. Hapo pia utaona kwa nini hupaswi kumruhusu mtu yeyote wa mtaani akate au achome kitu ndani ya pua yako.

Je, kinyama kinasambaza saratani? Kwa uvimbe wa puani, kuchukua kipande kidogo hospitalini hakuugeuzi ugonjwa uliotulia kuwa mkali. Watu huona mgonjwa amechukuliwa kinyama, baada ya muda akazidiwa, wakalaumu kisu. Kilichomzidisha ni ugonjwa uliokuwa umekwisha kukua kabla hajafika.

Bila kinyama hakuna anayejua anatibu nini. Yapo magonjwa yanayofanana na saratani kwa macho: kifua kikuu cha pua, ukungu, na ugonjwa wa bakteria uitwao rinoskleroma unaopatikana Afrika Mashariki, ambao hufanya pua iwe ngumu na kuziba. Hayo yana dawa zake, na hayahitaji mionzi. Na saratani zenyewe ni za aina nyingi.

Aina nyingi, tiba tofauti

Inayopatikana zaidi huanzia kwenye seli bapa za utando wa ndani ya pua. Ipo inayoanzia kwenye tezi za kamasi, nayo ndiyo iliyohusishwa zaidi na vumbi la mbao. Ipo ya seli za rangi, ambayo uvimbe wake unaweza kuwa mweusi. Ipo ya mitoki. Na ipo inayoanzia kwenye mishipa ya kunusa, kule darini. Hii ya mishipa ya kunusa ilielezwa kwa mara ya kwanza Ufaransa mwaka 1924. Mara nyingi hukua polepole, na inaweza kurudi hata baada ya miaka kumi.

Kwa hadubini, baadhi ya aina hizi hufanana sana. Mtaalamu wa maabara hulazimika kupaka rangi za pekee zinazoshika kwenye aina fulani ya seli tu. Kwa hiyo majibu yakichelewa, usidhani umesahauliwa. Uliza yamefikia wapi, lakini usiondoke.

Tiba hufuata aina na mahali ulipofika. Kwa saratani nyingi za pua, upasuaji hutangulia. Uvimbe mdogo unaweza kutolewa kupitia tundu la pua kwa kamera, bila kovu usoni. Mkubwa unahitaji kufungua uso, na wakati mwingine kutoa sehemu ya kaakaa, kisha mgonjwa hutengenezewa kaakaa bandia ili ale na aongee. Ukiwa umefika darini, daktari wa pua hufanya kazi pamoja na daktari wa ubongo.

Baada ya upasuaji mara nyingi hufuata mionzi, kuua mabaki yasiyoonekana. Saratani ya mitoki kwa kawaida haikatwi: inatibiwa kwa dawa za dripu na mionzi. Ndiyo maana kinyama ni muhimu. Mgonjwa wa mitoki akikatwa uso, amekatwa bure.

Mionzi kwa ukanda wetu hutolewa Taasisi ya Saratani Ocean Road, ufukweni Dar es Salaam, si mbali na Ikulu. Majengo yake ya zamani yalijengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19 kama hospitali, na taasisi yenyewe ilianzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1996. Mashine za kisasa huelekeza mionzi kwa usahihi, jambo kubwa sana kwa pua, kwa kuwa jicho na ubongo vipo umbali wa unene wa ukucha. Mgonjwa hutengenezewa kinyago cha plastiki kinachoshika kichwa kisicheze. Kila siku ni dakika chache, haiumi, lakini ni siku tano kwa wiki, kwa kawaida kwa wiki sita au saba.

Kabla ya mionzi, muone daktari wa meno, maana jino bovu likibaki linaweza kuleta matatizo ya taya baadaye. Tegemea mdomo kukauka, vidonda vya mdomoni, ladha kupotea na uchovu. Mengi hupungua baada ya tiba. Uji, maji kidogo kidogo na kusukutua kwa maji yenye chumvi kidogo husaidia.

Nauli nayo ni sehemu ya tiba

Wiki saba mjini si jambo dogo kwa mtu wa shamba. Wapo wanaoanza mionzi vizuri, wakarudi nyumbani wiki ya tatu kwa sababu ya nauli au msimu wa kupalilia, wakidhani wamepona kwa kuwa pua imefunguka. Mionzi iliyokatizwa huipa saratani nafasi ya kukua tena. Kwa hiyo panga mapema. Familia ikae kikao kabla ya siku ya kwanza: nani atamsindikiza, atafikia kwa nani, shamba litashikwa na nani.

Kama una kadi ya bima, hakikisha iko hai na jina limeandikwa kama kwenye kitambulisho. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023. Muulize mtendaji wa kijiji utaratibu ulipofikia kwenu. Kama huna uwezo, usikimbie kimyakimya. Omba kuonana na ofisa ustawi wa jamii wa hospitali, naye atakueleza taratibu za msamaha. Nenda na barua ya serikali ya kijiji. Na kila karatasi, picha na majibu yaweke kwenye bahasha moja usiyoiacha.

Baada ya tiba, kliniki haiishi. Mwanzoni ni kila baada ya miezi michache, kisha kila mwaka, na kwa saratani ya mishipa ya kunusa ni kwa miaka mingi. Daktari anaingiza kamera, anatazama palepale. Saratani iliyorudi ikionwa ikiwa ndogo, bado ina tiba.

Yule fundi

Fundi wetu alitupigia tena. Alikwenda Msoga, akapewa rufaa, akafika Muhimbili, akachukuliwa kinyama. Majibu ni yake na familia yake, hatutayasema hapa. Alituomba tuwaambie wasikilizaji jambo moja: siku ya kamera alikuwa ameogopa kuliko siku yoyote maishani, na ikamalizika kabla hajamaliza kusoma dua aliyokuwa ameianza.

Kwa hiyo, msikilizaji, leo jioni fanya jambo dogo. Ziba tundu moja la pua kwa kidole, vuta hewa kwa lingine. Kisha badilisha. Kama upande mmoja umegoma, na umegoma kwa wiki tatu sasa, kesho asubuhi nenda zahanati. Wala usiseme una mafua.